Siku Mbili za Mhandisi Laban

Mhandisi Laban alikuwa mtu wa makamo, mwenye mvi za heshima na uzoefu wa miaka ishirini na miwili katika mambo ya kompyuta. Hakupenda kupiga simu wala kupigiwa, kwani, kama alivyoeleza mwenyewe, koo lake liliharibiwa na vumbi la Turkana alipokuwa akisimamisha minara ya mawasiliano. Aliandika tu. Na alipoandika, watu mia nne wa kundi la mtandaoni lililoitwa Msaada wa Mitambo Saudia waliacha walichokuwa wakifanya wakasoma. Alikuwa na kasoro moja tu, nayo ni kwamba hakuwapo. Si kwamba alikuwa amekufa; alikuwa hajazaliwa.

Aliyekuwapo ni Velma, msichana wa miaka kumi na saba, ameketi sakafuni katika nyumba ya orofa ya tatu mtaani Al-Mahjar, Jeddah, miguu ndani ya beseni la maji baridi na laptopu juu ya stuli. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupita vizuri, na sasa alikuwa akisubiri kuitwa chuo kikuu. Baba yake, Hezron, karani wa mizigo katika Bandari ya Jeddah, alimwombea viza ya kutembea ya miezi mitatu ili wafahamiane upya. Hezron aliondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Katikati ya saa hizo palikuwa na joto, kiyoyozi kilichokohoa kama mzee wa kanisa, na intaneti yenye kasi ambayo Velma hakuwahi kuionja. Ukimpa mtu aliyelelewa bwenini intaneti ya namna hiyo, bila mwalimu wa zamu, usishangae akianzisha huduma kwa umma.

Na tusimnyime haki yake: Mhandisi alisaidia watu. Alimfundisha Stacy, yaya wa mtaa wa Al-Safa, jinsi ya kurudisha picha alizozifuta kwa bahati mbaya. Alimwokoa dereva mmoja ambaye simu yake ilikuwa ikizungumza Kichina. Hezron mwenyewe, aliyekuwa mwanachama wa kundi lile, alimsifu mezani.

"Huyo Laban," alisema siku moja akivunja ugali, "hana maneno mengi, hana majivuno. Soma kwa bidii, binti yangu, siku moja uwe kama yeye."

"Nitajitahidi, baba," alijibu Velma, akainama haraka kutafuta kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka.

Kisha akaja Kevin.

Kevin alifanya kazi Riyadh, katika ofisi ndogo iliyojaza fomu za watu: fomu za ikama, yaani vibali vya kuishi, za viza za kutoka, za tikiti za ndege. Mwezi wa tano kompyuta yake ilivamiwa na virusi, akaomba msaada kundini kwa unyenyekevu mkubwa. Mhandisi Laban alimwelekeza apakue programu inayomwezesha mtu kuiendesha kompyuta ya mwenzake kwa mbali, kisha ampe namba na paswadi. Kevin alitoa vyote viwili kama anayempa daktari mkono wa kuchomwa sindano. Velma alikaa saa tatu akisafisha virusi vile kimoja kimoja, kwa uaminifu, kutoka Jeddah, maili mia tano na zaidi. Alipomaliza alikuwa ameokoa ofisi nzima. Alipomaliza pia hakuufunga mlango. Aliurudishia tu.

Utani wa kwanza ulikuwa wa kawaida. Aliigeuza skrini ya Kevin kichwa chini.

"Mzee, kompyuta imesimama kwa kichwa," aliandika Kevin.

Mhandisi alitafakari kwa muda unaostahili cheo chake. "Hilo ni joto la Riyadh, kijana. Umeme ukipanda, picha hupinduka. Chukua gazeti, ipepee mara kumi, taratibu."

Kevin alipepea. Velma alihesabu hadi kumi, akairudisha picha. Kevin alishukuru kwa maneno yaliyomtoa Velma machozi, ingawa si ya huzuni.

Nieleze hapa kwamba Velma hakuwa mhuni. Katika bweni la Elgon, alikokaa miaka minne, utani ulikuwa na katiba, na ibara ya kwanza ya katiba hiyo ilisema: ukificha kiatu cha mtu, kengele ya kulala imkute na viatu viwili. Kilichopinduliwa kipinduliwe tena. Kilichofungwa kifunguliwe. Anayekiuka huoshwa jina lake kwa wiki nzima, maana yake hakuna anayemwita. Velma aliwahi kumfungia kiranja kabatini mwake sare zote za Jumatatu, na saa tatu kasoro dakika mbili akazirudisha zimepigwa pasi. Ndivyo watu wa heshima walivyotaniana.

Utani wa pili ulihitaji elimu. Saudia, kama ajuavyo aliyejaza fomu kule, karatasi za serikali zilikwenda kwa kalenda ya Kiislamu, na kalenda hiyo hufuata mwezi, na mwezi haukubali kuamriwa. Kwa hiyo waliotengeneza kompyuta waliacha mahali, ndani kabisa ya mipangilio ya tarehe, ambapo mtu anaweza kuisogeza kalenda hiyo nyuma au mbele kwa siku moja au mbili. Velma aligundua mahali hapo akiwa anatafuta kitu kingine. Akaisogeza ya Kevin nyuma siku mbili. Alitaka kuona atakavyobishana na wateja.

Kevin alibishana nao nusu siku, kisha akamwandikia Mhandisi: wateja wawili wamesema tarehe yake imerudi nyuma, je, ni kweli?

"Kijana," akajibu Mhandisi, "mashine haina sababu ya kudanganya. Binadamu ndiye mwenye sababu."

Lilikuwa jibu zuri. Velma alilisoma mara mbili kwa kuridhika. Alikusudia kuirudisha kalenda jioni hiyo hiyo. Lakini Hezron alirudi mapema, akasema, "Yalla, vaa, twende ukaone bahari," na laptopu ikafungwa. Kesho yake Velma aliamka na wazo jipya, wazo la mbuzi: kila Kevin alipohifadhi kazi yake, mbuzi alilia ndani ya kompyuta, na wateja wakainama kutazama chini ya meza. Mbuzi yule alikuwa mtamu kiasi cha kumsahaulisha mtu kiatu alichoficha jana.

Siku nane zikapita.

Jumapili, tarehe thelathini na moja Mei, saa nne asubuhi, ujumbe huu ulitokea kundini:

"Habari zenu. Naitwa Jael, niko Riyadh, nafanya kazi ya nyumba. Naomba msaada wa simu. Kalenda ya simu yangu hii ya rangi ya waridi imeharibika. Inasema leo ni Shaabani 13. Karatasi ya tarehe niliyochapiwa ofisini kwa Kevin inasema leo ni 11. Viza yangu ya kutoka mwisho ni 14, na ndege yangu ni Jumatano, ndiyo hiyo 14 ya karatasi. Nimeizima simu na kuiwasha mara tatu, bado inasema 13. Naogopa na saa yake ikiharibika nitachelewa ndege. Harusi yangu ni Jumamosi, leo kanisani Webuye wanasoma tangazo la tatu. Nifanyeje?"

Velma aliitoa miguu katika beseni.

Majibu yalikuwa yameanza kushuka, kwani hakuna watu wakarimu kama wanaotoa ushauri wa simu ya mwingine. Stacy alimwambia atoe betri aipulize. Mtu mwingine alimwambia simu za rangi ya waridi zote ndivyo zilivyo. Zeinab, muuguzi kutoka Unguja aliyeheshimiwa na kundi zima, aliandika kwa upole: "Dada'angu, usijitie hofu. Mwezi huo. Hata kwetu kila mwaka wapo wafungao leo na wapo wafungao kesho, na wote wamo. Simu yako yafuata mwezi wa kwengine."

Watu arobaini na mmoja walikubaliana na Zeinab. Ndipo Kevin mwenyewe akaja kuweka msumari wa mwisho: "Jael dada, ondoa shaka. Kompyuta ya ofisi ilikaguliwa na Mhandisi Laban kwa mkono wake."

Velma aliusoma msumari huo, akahisi ulivyoingia.

Hakuhitaji kuhesabu kwa vidole, lakini alihesabu. Leo ilikuwa kumi na tatu, si kumi na moja. Viza ya Jael ilikuwa inaisha kesho, Jumatatu. Ndege yake ilikuwa Jumatano, siku mbili baada ya viza kufa. Na Jael, akiwajibu watu, alikuwa ameongeza ujumbe wa pili: baba mwenye nyumba anakofanya kazi, madam na watoto wote wangesafiri Alhamisi kwenda kupumzika ng'ambo miezi miwili, na yeye ndiyo maana alipewa ndege ya siku ya mwisho, ili apike kwa ajili ya wageni wa madam Jumanne. Viza ya kutoka ikipita siku yake, kafili, yaani huyo baba aliyemdhamini, ndiye wa kuifuta na kuomba nyingine. Kafili akiwa ng'ambo, hakuna. Jael angebaki Riyadh miezi miwili, akilala mahali ambapo hakuna aliyejua ni wapi, na huko Webuye mtu aitwaye Japheth angesimama mbele ya madhabahu amevaa suti, akitazama mlango.

Kwanza Velma alifanya kile ambacho mwanabweni yeyote hufanya. Alijaribu kukirudisha kiatu kimya kimya. Aliingia katika kompyuta ya Kevin, akaingia ndani ya mipangilio, akaisogeza kalenda mahali pake. Kumi na moja ikawa kumi na tatu. Akatoka kwa vidole vya miguu. Sasa Kevin ataona, akajiambia, atashtuka, atampigia Jael, na mambo yatakwisha bila jina la mtu kutajwa.

Kevin aliona. Na alishtuka. Dakika sita baadaye alimwandikia Mhandisi faraghani:

"Mzee, balaa. Jael alinitumia picha ya simu yake na sasa kompyuta imeambukizwa, nayo imeanza kusema 13. Tafadhali irudishe 11 haraka kabla bosi hajaona."

Velma alishika kichwa. Kisha Mhandisi Laban akaandika kwa ukali wote wa mvi zake: "Kevin, 13 ndiyo sahihi. 11 ilikuwa kosa. Mpigie Jael sasa hivi abadilishe ndege."

"Mzee, nakuheshimu," alijibu Kevin. "Lakini wiki iliyopita nilikuuliza jambo hili hili, ukanijibu. Nimeyahifadhi maneno yako." Akayaleta, yamepigwa picha, yamezungushiwa mstari mwekundu: Mashine haina sababu ya kudanganya. Binadamu ndiye mwenye sababu.

"Nilikosea," akaandika Mhandisi.

"Wewe hukosei, mzee. Nafikiri hata akaunti yako imeingiliwa na mtu."

Katika hilo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Kevin alikuwa amepata ukweli kamili.

Velma alisimama. Alizunguka stuli mara mbili. Kulikuwa na njia moja tu iliyobaki, nayo ilikuwa na sauti, na sauti hiyo haikuharibiwa na vumbi lolote. Alichukua simu akampigia.

"Halo," alisema Kevin. Nyuma yake watu walikuwa wakizungumza Kiarabu na karatasi zikitoka katika mashine.

"Kevin, naitwa Velma. Niko Jeddah. Mimi ndiye Mhandisi Laban."

Kevin alijibu kwa sauti ambayo watu wazima huwawekea watoto wa wageni. "Mtoto mzuri, mpe baba simu."

"Hayupo. Namaanisha baba yangu yuko kazini, lakini si yeye. Ni mimi. Nimekuwa mimi tangu mwanzo."

"Sawa, sawa. Ukimaliza kucheza, mwambie mzee Kevin wa Riyadh anamtafuta. Mwambie ni haraka."

"Kevin, usikate. Uko mbele ya kompyuta?"

"Niko kazini, mtoto."

"Itazame. Mausi yako itakwenda juu, kona ya kulia. Sasa itashuka. Sasa inazunguka."

Upande wa pili kiti kilivutwa karibu na meza.

"Sasa skrini inapinduka," alisema Velma, vidole vyake vikifanya kazi. "Usitafute gazeti. Gazeti halikuwahi kufanya chochote. Narudisha. Na sasa nahifadhi faili lako."

Kutoka Riyadh, kupitia simu, Velma alimsikia mbuzi akilia. Alisikia mteja mmoja akiuliza kitu kwa mshangao. Mbuzi alilia tena. Velma alikuwa amemsikiliza mbuzi huyo mara nyingi katika laptopu yake akicheka; sasa alisikika kama mbuzi anayejua ni sikukuu gani.

"Una miaka mingapi?" aliuliza Kevin hatimaye.

"Kumi na saba."

"Niliipepea kompyuta kwa gazeti."

"Najua."

"Mbele ya bosi. Mara kumi. Taratibu, kama ulivyosema."

"Kevin, nisamehe. Utanisema baadaye, siku nzima ukitaka, sitajibu. Kalenda niliisogeza mimi nyuma siku mbili, na nikasahau kuirudisha. Karatasi ya Jael ilitoka katika kompyuta hiyo. Viza yake inaisha kesho. Kesho, Kevin."

Simu ikakatika.

Alipiga tena. Inatumika. Alipiga mara nne, na mara nne mama yule wa mtambo akamwambia kwa adabu kwamba mteja anazungumza. Amenifungia, aliwaza Velma. Na mimi ningejifungia.

Namba ya Jael hakuwa nayo. Alimwandikia faraghani kwa jina la Laban. Ujumbe ulikaa haujasomwa, kwani kila mtu alikuwa kule kundini akijadili mwezi. Basi ilibidi kwenda huko huko, ambako wote mia nne wangesoma, Zeinab na Stacy na dereva wa Kichina, na karani mmoja wa mizigo ambaye huifungua simu yake saa saba kamili akila chakula. Velma aliitazama saa. Ilikuwa saa sita na nusu. Akaketi wima kama aliyeitwa mbele ya shule, akaandika kwa jina lake mwenyewe, bila Turkana, bila mvi:

"Mimi ni Velma, binti wa Hezron wa bandarini. Mhandisi Laban ni mimi. Niliichezea kompyuta ya Kevin kwa mbali nikairudisha tarehe nyuma siku mbili kwa utani. Kosa si la Kevin, si la mwezi, na simu ya Jael ni nzima. Leo ni 13. Jael, viza yako inaisha kesho Jumatatu. Nipigie sasa." Akaweka namba yake.

Hatutarudia hapa yaliyoandikwa katika dakika kumi zilizofuata. Mengine yalikuwa ya Kikristo, mengine ya Kiislamu, na yote yalihusu malezi. Velma hakujibu hata moja. Alikuwa ameishikilia simu kwa mikono miwili.

Ililia.

"Wewe ndiye mtoto wa tarehe?" Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza ndani ya stoo.

"Ndiyo, dada."

"Nataka unijibu bila hadithi. Simu yangu ni nzima?"

"Ni nzima."

"Viza ni kesho?"

"Ni kesho."

Jael alivuta pumzi. "Nimemwambia madam sasa hivi. Anasema mafi mushkila, siku moja mbili si kitu, ofisi inajua kazi yake. Anasema nisimsumbue baba. Wageni ni Jumanne, unaelewa, na mimi ndiye napika."

"Baba yuko wapi?"

"Amekuja kula. Yuko mezani. Lakini nimweleze vipi mambo ya kompyuta, mimi Kiarabu changu ni cha jikoni? Chumvi, maji, njoo, lala. Nitasema mtoto wa Jeddah amefanya nini?"

Velma alifikiri. Huu haukuwa wakati wa kuwa mwerevu; mwerevu ndiye aliyewafikisha hapa. Akafikiria mtu yule mezani, ambaye kalenda hii si mtambo kwake. Alizaliwa nayo. Hakuwa ameikagua karatasi ya Kevin kwa sababu hakuna anayekagua kazi aliyoilipia.

"Usimweleze kitu chochote," alisema. "Usitaje kompyuta, usinitaje mimi. Muulize swali moja: baba, leo ni tarehe ngapi? Akijibu, mwonyeshe karatasi ya viza. Halafu nyamaza."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Lakini muulize yeye. Usimuulize madam."

Jael hakukata simu. Aliitia mfukoni mwa aproni, na Velma akasafiri gizani kuvuka jikoni ya Riyadh, akisikia kitambaa kikikwaruza, mlango, watoto, vijiko. Akasikia sauti ya madam, kali, ikiuliza jambo. Akasikia viatu vya Jael vikiendelea kutembea.

"Baba," alisema Jael kwa Kiarabu chake cha jikoni, polepole, neno kwa neno. "Samahani. Leo tarehe ngapi?"

Mtu alitafuna, akameza. "Kumi na tatu," alisema. "Kwa nini?"

Jael hakujibu. Karatasi ilikunjuliwa. Madam alianza kusema kitu kuhusu Jumanne, akaendelea nacho, kisha sauti yake ikapungua yenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Kijiko kiliwekwa juu ya sahani.

"Kumi na nne," alisema baba. Halafu tena, taratibu zaidi: "Kumi na nne ni kesho. Nani alikata tikiti ya Jumatano?"

"Wageni," alisema madam.

"Halas, basi," alisema baba. Kiti kilirudi nyuma. "Nipe simu, nimpigie yule wa ofisi."

Lakini simu yake ililia kabla hajaipata, na aliyepiga alikuwa yule wa ofisi. Kevin hakuwa amemfungia Velma. Alikuwa ameikata simu yake akakimbia, na kalamu sikioni, hadi kwa wakata tikiti wa mlango wa tatu, akawasimamia, huku akimtafuta kafili bila kumpata, mpaka ikapatikana nafasi moja ya Jumatatu saa saba mchana. Alikuwa ameshamwambia bosi wake vilevile. Nafasi hiyo ilishikiliwa kwa nusu saa. Baba alisema ndiyo.

Jael aliitoa simu mfukoni.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"Basi nisikilize na mimi. Wiki nzima simu hii imeniambia kweli, na mimi nimeitukana, nimeitoa betri, nimeipiga kwenye meza. Kwa ajili yako." Kabati lilifunguliwa. "Nina nguo za kufunga. Kwaheri."

Hezron alirudi saa kumi na moja, kama kawaida. Alivua viatu mlangoni, akaviweka sambamba, akaketi. Velma alikuwa amepika, jambo ambalo halikumdanganya mtu.

"Mhandisi," alisema Hezron.

"Baba."

"Nilimsifu Laban kwa msimamizi wangu. Alitaka jina lake lote."

"Samahani, baba."

"Nilimwambia ni mtu wa watu." Alijipangusa uso kwa kiganja, na Velma hakuweza kujua kama alikuwa akijizuia kulia au kitu kingine. "Huyo mzee wa mvi na koo la Turkana. Turkana umefika lini?"

"Sijafika."

"Sasa sikiliza. Hutatoka katika kundi lile. Watu wanaohitaji msaada bado wapo. Utawajibu mpaka siku ya ndege yako, kwa jina lako, na kwa sauti wakitaka sauti. Wasipotaka kukuuliza, utasubiri. Na huyo Kevin utampa anachotaka."

Alichotaka Kevin kilikuwa kidogo na kizito. Kila asubuhi saa mbili kamili aliandika kundini, mbele ya watu wote: "Velma, leo tarehe ngapi?" Na kila asubuhi Velma alijibu kwa kalenda zote mbili, na Zeinab akathibitisha. Zaidi ya hapo Velma alimpa, bila kuombwa, namba na paswadi ya laptopu yake mwenyewe. Mlango ukiwa wazi upande mmoja ni wizi, alimwandikia. Ukiwa wazi pande zote mbili ni ujirani. Kevin hakujibu.

Jumatatu saa sita na robo picha iliingia kundini kutoka uwanja wa ndege wa Riyadh: pasipoti iliyofunguliwa, muhuri wa kutoka bado mbichi, na chini yake maneno mawili: "Nimepita. Jael." Alitua Nairobi siku ya Madaraka, sikukuu ya Kenya ya kujitawala, jambo ambalo kundi zima liliona inafaa kulitaja, kila mtu kwa zamu.

Jumamosi, saa mbili: "Velma, leo tarehe ngapi?"

"Jumamosi, tarehe sita Juni. Shaabani kumi na tisa."

Saa nane mchana picha za Webuye zikaanza kuingia. Velma aliweka miguu katika beseni na kuifungua ya kwanza: shela jeupe, suti ya kahawia, mvulana wa pete mwenye kiatu kimoja kilichofunguka kamba, na mkononi mwa bibi harusi, kwenye shada la maua, simu ya rangi ya waridi.

Hapo bibi harusi akasimama kwa kichwa. Bwana harusi naye, na kanisa, na kundi lote la Msaada wa Mitambo Saudia, vyote vikaning'inia kutoka juu ya skrini. Chini, au juu, ujumbe ukatokea kutoka Riyadh:

"Ni joto la Jeddah, mzee."

Velma aliitazama laptopu kwa muda. Kisha alinyoosha mkono akachukua gazeti la baba yake, akalikunja mara moja, akaanza kupepea. Alipepea taratibu, akihesabu kwa sauti, bila kuruka hata namba moja. Alipofika kumi, Jael alisimama kwa miguu yake.